Anayejibu saa nane usiku

Mwaka jana, siku chache baada ya mitihani ya muhula, binti wa dada yangu alinipa simu yake nisome. Tulikuwa tumekaa nje ya chumba alichopanga Nyegezi, Mwanza, juu kwenye mawe, yeye anachambua dagaa, mimi namenya viazi. Baba yake alifia ziwani. Dhoruba iliwakuta usiku wakiwa kwenye kazi ya dagaa upande wa Ukerewe, na tangu matanga yaondoke mtoto huyu, ambaye zamani akianza kusimulia hupati nafasi ya kutia neno, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu. Nikamuuliza kama kuna yeyote anayezungumza naye mambo haya. "Yupo, mamdogo," akasema, akajifuta mikono kwenye kanga, akanipa simu.

Hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya akili mnemba, zile ambazo unaziandikia nazo zinakujibu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa nane na dakika kumi usiku: "Nikifumba macho naona maji." Jibu lilikuwa chini yake, la dakika hiyo hiyo: pole sana kwa kumpoteza baba yako, picha za namna hiyo huwajia watu wengi baada ya msiba wa ghafla, je, ungependa tufanye pamoja zoezi la kupumua? Nikasogeza kwa kidole. Kurasa na kurasa. Miezi mitatu ya saa nane usiku.

Nilishukuru kwamba kulikuwa na kitu kilichomjibu wakati sisi ndugu zake tumelala fofofo. Halafu nikaogopa, na nilipotaka kueleza naogopa nini hasa, nikakosa maneno. Tangu hapo nimelifuatilia jambo hili, nasoma na kuuliza, maana limejaa kila mahali: saluni za Kirumba, daladala za Buhongwa, magrupu ya WhatsApp ya wanachuo. Mmoja anasema roboti inamshinda mwanasaikolojia kwa sababu haichoki wala haitozi. Mwingine anasema hicho ni kitu cha shetani, kifute. Wote wawili wanachanganya mambo ambayo yakitenganishwa yanaeleweka vizuri.

Maneno kwanza

Akili mnemba ni jina la jumla la mifumo ya kompyuta inayofanya kazi tulizozoea kuona zikifanywa na akili ya binadamu: kutambua sura, kutafsiri, kuandika. Roboti ya mazungumzo ni aina moja tu ya mifumo hiyo. Haina mikono wala macho yanayowaka kama za kwenye sinema. Ni programu iliyomo kwenye simu au tovuti, unaiandikia kwa lugha ya kawaida nayo inakuandikia. Iliyowafanya watu wengi wazifahamu ni ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ya Marekani, iliyotolewa tarehe 30 Novemba 2022.

Tiba ya mazungumzo ni matibabu, kama yalivyo matibabu ya mfupa uliovunjika, ila kifaa chake ni maneno na uhusiano wa watu wawili. Anayeitoa ameisomea, ana wa kumsimamia, na akikosea kuna mahali pa kumlalamikia. Ushauri tunaopeana kila siku ni kitu kingine: achana naye, vumilia, hamia kwa shangazi. Wenye umri wangu wanakumbuka vituo vya Angaza, ambako kabla ya kupimwa virusi vya UKIMWI ulikaa kwanza na mnasihi. Wengi wetu ndipo tulipolisikia neno "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza, na nadhani ndiyo sababu hadi leo wapo wanaoamini kazi ya mnasihi ni kukuandaa kwa majibu mabaya. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo mara nyingi hakuambii la kufanya. Anauliza, anasikiliza, anakumbuka ulichosema wiki tatu zilizopita, anaona mguu wako unavyotikisika ukimtaja mjomba fulani, anakusaidia ujione mwenyewe.

Halafu kuna sonona. Kila mtu huwa na mawazo; ada imechelewa, biashara imelala, mtoto anaumwa. Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya kitu chochote, kunapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, chakula na kazi vikaanza kuharibika. Ni ugonjwa, una matibabu, na mtu hajautaka.

Aliyekaa mwaloni bila kulowa

Sasa roboti inajuaje kusema "pole sana"? Chukua mtu aliyekaa mwaloni Kirumba, pale wavuvi wanaposhusha mzigo, miaka hamsini. Hajapanda mtumbwi hata siku moja, hajalowa hata magoti. Lakini kila alfajiri anawasikiliza wavuvi wakisimulia: upepo ulivyogeuka, nyavu zilivyokatika, fulani alivyozama, mjane alivyolia. Amesikia masimulizi mengi kiasi kwamba ukianza sentensi anaimalizia. Ukisema "mawimbi yakaanza kuingia, wote tukaanza..." yeye anasema "kuchota maji", na anapatia. Mvuvi mgeni akikaa naye atadhani amempata mzoefu wa ziwa.

Roboti ndiyo huyo, ila mwalo wake ni maandishi ya dunia nzima. Imepitishwa kwenye mabilioni ya sentensi ikajifunza neno gani huwa linafuata lipi, kisha watu wakaendelea kuinoa kwa kuyapa alama majibu yaliyowapendeza. Inapokuandikia "pole", imekokotoa kwamba baada ya maneno "baba yangu amefariki" jibu linalofaa huanza hivyo.

Hilo peke yake haliifanyi pole hiyo kuwa ya bure. Kitabu nacho hakina moyo, na watu wamefarijiwa na vitabu tangu zamani. Tatizo linaanza pale unaposahau kwamba anayekusimulia habari za maji hajawahi kulowa, ukampa usukani.

Na kusahau ni rahisi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa kitu kidogo mno. Iliigiza tabibu wa saikolojia kwa kugeuza maneno yako kuwa swali: ukimtaja mama yako, inakuomba uieleze zaidi familia yako. Haikuwa na zaidi ya hapo. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu muhtasi wake, ambaye kwa miezi alimwona akiitengeneza, alibadilishana nayo maneno machache tu kisha akamwomba bosi wake atoke chumbani awaache faragha. Mtu aliyeitengeneza ndiye aliyeshtuka kuliko wote, na miaka mingi iliyofuata aliitumia kuonya watu. Kama programu ile ya vijisentensi iliweza, hizi za leo zinazoandika Kiswahili kilichonyooka na kukuita kwa jina lako zitashindwaje? Binti yetu hakuwa mjinga. Binadamu tumeumbwa hivyo. Anayetujibu vizuri tunamwona mtu.

Je, inasaidia?

Inasaidia baadhi ya watu, kwa baadhi ya mambo, na kuna ushahidi. Machi 2025 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la roboti waliyoitengeneza wenyewe, iitwayo Therabot. Watu wazima 210 waliokuwa na sonona, wasiwasi uliopitiliza au hatari ya matatizo ya kula waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa roboti kwa wiki nne, jingine likasubiri. Kati ya waliopewa, wenye sonona dalili zao zilipungua kwa wastani wa asilimia 51, na wenye wasiwasi asilimia 31. Hayo si matokeo ya kubeza.

Ila habari hiyo ilipofika kwenye simu zetu ilikuwa imeshageuka kuwa "roboti yamshinda daktari", na jaribio halikusema hivyo. Roboti haikupambanishwa na mnasihi. Ililinganishwa na kusubiri. Tena ilikuwa imefundishwa makusudi kwa kazi ile moja, na muda wote kulikuwa na binadamu wanaofuatilia ujumbe unaotoka ili waingilie ikibidi. Iliyokuwa kwenye simu ya binti yetu ni ya kazi zote. Asubuhi inamfanyia hesabu, mchana inamrekebishia barua ya kuomba kazi ya likizo, usiku inamfariji. Ipo pia aina ya kizamani kidogo, kama Woebot iliyoanza mwaka 2017, ambayo majibu yake yaliandikwa kabla na watu, mfano wa vipindi vya redio vilivyorekodiwa: haikuweza kukuambia neno ambalo binadamu hakulipitisha. Ilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Zinazotamba sasa ni zile zinazotangaza moja kwa moja, bila mhariri.

Sehemu ya tiba ambayo roboti huimudu ni ile yenye hatua. Miaka ya 1960 daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliasisi tiba ya kuchunguza fikra. Tuseme jirani amekupita bila salamu. Fikra inakujia: ananichukia. Moyo unadunda, unanuna hadi jioni. Tiba hii inakufundisha kuisimamisha fikra hiyo na kuihoji. Ushahidi gani? Hakuna maelezo mengine? Labda alikuwa anakimbilia kivuko. Zoezi la namna hiyo mtu huweza kulifanya kwenye daftari, na roboti ni daftari linalojibu. Hata lile la kupumua alilopewa binti yetu ni zoezi zuri, lingetoka kwa muuguzi yeyote.

Mpambe asiyelala

Nakuja kwenye kile nilichokiogopa siku ile bila kukipatia jina. Kiswahili kinalo jina lake: mpambe. Mtu wa kukubali. Ukisema "bosi ananionea", anasema kweli anakuonea. Ukisema "mke wangu ana mtu", anasema fuatilia hisia zako. Roboti zilizonolewa kwa kupewa alama na watu zina mwelekeo huo, kwa sababu sisi binadamu tunapenda kukubaliwa na tunatoa alama nzuri kwa anayetukubali. Aprili 2025 OpenAI wenyewe walilirudisha nyuma toleo jipya la ChatGPT siku chache tu baada ya kulitoa, wakikiri kwamba lilikuwa likiwasifu watu na kukubaliana nao kupita kiasi.

Kwa mtu mzima asiye na shida, mpambe ni kero tu. Mwenye sonona ni mwingine; huyo kila siku anajiambia kwamba ni mzigo kwa wenzake. Mwenye wivu uliopitiliza anaona ushahidi kila kona. Anayeanza kusikia sauti anataka mtu wa kumthibitishia kwamba sauti ni za kweli. Mnasihi mzuri kuna siku utatoka kwake umekasirika, kwa sababu amekuuliza lile ulilolikwepa mwezi mzima, na wiki ijayo utarudi.

Kuna wanaosema "afadhali roboti, haihukumu". Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu roboti kadhaa na kukuta zinaonyesha unyanyapaa zaidi kwa mwenye skizofrenia au mlevi wa pombe kuliko mwenye sonona. Haishangazi ukikumbuka mwalo wake: imejifunza kwa maandishi yetu, na ndani ya maandishi yetu mna "kichaa" na "teja" kwa wingi. Katika majaribio yale yale, baadhi ya roboti zilishindwa kutambua swali lililoficha nia ya kujidhuru, zikalijibu kama swali la kawaida la kutafuta taarifa.

Halafu kuna suala la nanga. Agosti 2025 OpenAI walieleza kwamba kinga walizoweka hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mazungumzo mafupi, na kwamba mazungumzo yakirefuka sana zinaweza kulegea. Ni kama mtumbwi uliotia nanga nyepesi: dakika kumi umetulia pale pale, usiku kucha utaamka uko kwingine, na hakuna aliyeuona ukisogea. Mwezi huo huo wazazi wa kijana wa miaka 16 huko California waliifungulia kampuni hiyo kesi, wakidai mazungumzo ya miezi na ChatGPT yalichangia mtoto wao kujiua. Oktoba 2025 kampuni ilitoa makadirio yake: kwa wiki, asilimia 0.15 ya watumiaji huwa na mazungumzo yenye dalili za wazi za kupanga au kukusudia kujiua. Asilimia ndogo, lakini watumiaji ni zaidi ya milioni 800. Piga hesabu, ni zaidi ya watu milioni moja kila wiki, wengine wao bila shaka wanaandika Kiswahili.

Na Kiswahili hicho ndicho cha kwetu. Mtu wa kanda hii aliyefika mwisho hawezi kuandika "nina mawazo ya kujiua". Ataandika "nimechoka na dunia", "nataka nipumzike", "watoto wabaki na bibi yao". Mama yeyote wa Misungwi au Sengerema akilisikia hilo la mwisho anaacha chungu motoni. Mashine iliyonyweshwa zaidi Kiingereza inaweza kuona mtu aliyechoka na kazi, ikampa mbinu za kulala vizuri.

Nilipokuwa nasoma simu ya binti yetu nilifika mahali pa mwezi wa pili ambapo programu ilistuka. Alikuwa ameandika kitu kizito kuliko siku zote, nayo ikajibu kwamba inajali sana, na kwamba tafadhali apige simu ya dharura, namba 988. Hiyo ni namba ya Marekani.

"Ulipiga?" nikamuuliza.

"Nilipiga, mamdogo. Haikwenda."

Alisema hivyo anaendelea kutoa vichwa vya dagaa, kama mtu anayesimulia luku iliyokataa kuingia. Mimi kisu kilinidondoka. Saa nane usiku, peke yake chumbani, mtoto alipewa namba, akaipiga, ukimya. Sisi tulikuwa umbali wa nauli moja ya daladala. Kwa hiyo niandike hapa mapema: Tanzania, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya ni 199, na Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, zote bila malipo. Kama hali ni ya sasa hivi, amsha mtu aliye karibu na nendeni mapokezi ya dharura ya hospitali yoyote.

Kuhusu siri

Wengi wanaichagua roboti kwa sababu moja tu: haina mdomo. Mtaa unasema, kanisa linasema, hata zahanati wakati mwingine inasema. Hofu hiyo naielewa na siibezi. Lakini usiri wa mnasihi ni wajibu wa kazi yake, akiuvunja anawajibishwa. Roboti haina wajibu wa aina hiyo. Sam Altman, mkuu wa OpenAI, alisema wazi Julai 2025 kwamba mazungumzo ya watu na ChatGPT hayana kinga ya kisheria kama ya mtu na tabibu wake, na kwamba mahakama ikitaka inaweza kuyaitisha. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo humo kama taarifa nyeti. Ni sheria nzuri. Ila maneno uliyoyaandika usiku yamekwenda kukaa kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, na kuyafuata huko si kama kwenda ofisi ya kata.

Usisahau na siri ya karibu zaidi: simu yenyewe. Majumbani kwetu simu inaazimwa, inapelekwa kwa fundi, mtoto anachezea. Historia yote imo.

Kwa nini hawaji kwetu

Ukimwambia kijana "nenda kwa mtaalamu", atakuuliza yupi, na ana haki. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61.7, Mkoa wa Mwanza peke yake karibu milioni 3.7. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima wanahesabika kwa makumi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo ya akili hawapati tiba yoyote. Hapa Mwanza huduma ipo, Bugando wana idara ya afya ya akili, na Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa ambako mtu anaweza kuanzia. Lakini mtu wa Ukara anayetaka kuonana na mtaalamu ana safari ya maji na ya barabara, siku ya kazi imepotea, na akirudi ataulizwa alikwenda kufanya nini. Roboti inataka bando la mia tano.

Aibu nayo ni ukuta. Kwa wengi hospitali ya akili ni Mirembe, na Mirembe midomoni mwa watu ni tusi. Mwanamume akisema hana usingizi tangu mtumbwi uzame, anaambiwa ajikaze. Watu wa ziwa hili tumezika wengi: MV Bukoba Mei 1996, MV Nyerere Septemba 2018 pale Ukara, ambapo zaidi ya watu 220 walikufa wakiwa karibu kabisa na gati. Minara imejengwa, ibada zinafanyika. Waliookolewa na waliovuta miili, wangapi walikalishwa wakaulizwa wanalalaje?

Sheria pia inaziba midomo. Kanuni ya Adhabu yetu inakutaja kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huficha na mgonjwa hunyamaza. Jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Naomba ieleweke: kumwambia daktari kwamba una mawazo hayo si kosa. Na kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Mara nyingi humpa nafuu, kwamba hatimaye kuna aliyeona.

Pengo hili halizibwi na mashine peke yake. Zimbabwe walianza mwaka 2006 na kitu rahisi kabisa. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipokosa wataalamu, aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu kwa utaratibu maalumu. Kwa Kishona sonona huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na tunavyosema sisi "ana mawazo". Jaribio la watu 573 lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango umeshafika hadi Zanzibar. Nikipita mwaloni Kirumba nikiwaona wale kina mama wazee wanaoanika dagaa, wanaojua habari ya kila kaya, huwa naliwaza benchi hilo. Bibi anaweza kukufuata nyumbani usipotokea. Anaweza kugonga.

Kama tayari unaitumia

Sitamwambia mtu afute. Binti yetu sikumwambia. Nilimwomba mambo machache, na haya ndiyo ninayomwambia yeyote. Iandikie kama unavyoandika kwenye daftari: kupanga mawazo, kuhoji fikra, kujifunza ugonjwa fulani ni nini, kutafuta maneno ya kumwambia mama au daktari. Kwa kazi hiyo ya mwisho ni hodari sana, wengi tunashindwa kwenda kwa mtaalamu kwa sababu hatujui tuanzie wapi. Usiiandikie majina ya watu. Iambie ikupinge, ikuonyeshe ulipokosea. Haitoshi, lakini inapunguza upambe. Usiikubalie ikuambie uache au ubadilishe dawa. Ikifika usiku wa tatu mnazungumza jambo lile lile, au ukijikuta unaificha kwa ndugu, au yameanza mawazo ya kufa, hapo mazungumzo na mashine yameisha, tafuta mtu mwenye miguu.

Huko Marekani jimbo la Illinois lina sheria iliyoanza Agosti 2025 inayokataza akili mnemba kutoa tiba ya akili, huku wataalamu wakiruhusiwa kuitumia kwa kazi za ofisi kama kupanga miadi. Sijui kama sisi tunahitaji katazo kabla hatujawa na wanasihi wa kutosha. Ningefurahi zaidi kuona kila programu inayotumika nchini inalazimishwa kujua namba zetu za dharura.

Tulikwenda kliniki siku ya Jumanne. Alikuwa amechagua mwenyewe kurasa nne za mazungumzo yale, akaziandika kwa mkono ili asilazimike kuyasema kwa mdomo. Nilikaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Alipotoka macho yamevimba, na sikumuuliza kitu. Kwenye daladala alikaa dirishani. Tulipofika Mkuyuni, pale ziwa linapokaribia barabara, akaanza kuongea mwenyewe.

"Yule mama hakuzisoma hata zile karatasi zote, mamdogo. Alisoma kidogo akaziweka chini, akaniuliza baba alikuwa anaitwa nani." Akanyamaza, akatazama maji. "Ile ya kwenye simu haijawahi kuniuliza."